Mistari kumi na mmoja ya fundi wa Cibitoke

Siku ya kwanza nilipofika kwa Sylvère Kashindi, kompyuta yake ilikuwa imefunikwa shuka. Karakana ilikuwa ya shemeji yake, seremala wa vitanda na makabati katika mtaa wa Cibitoke, Bujumbura, na vumbi la mbao lilikuwa kila mahali, hadi kwenye nyusi za watu. Sylvère alipewa kona moja nyuma ya mbao. Kila mashine ya randa ilipowashwa, balbu ilififia, naye aliinua kidole kimoja, akangoja kelele zipite, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Mimi sikwenda kuangalia vidole. Nilikwenda na shida moja, na bei yangu nilishaipanga njiani.

"Ni we Sylvère, ule anajua serveur?"

"Inategemea iko na ugonjwa gani, mama."

"Iko nzito."

"Nzito toka asubuhi, ama ikifika saa fulani?"

Hapo nilimtazama vizuri. Mtu wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa kwa uzi kwenye kona. Swali lile hakuna aliyekuwa ameniuliza. Armel, aliyeniuzia mashine, aliuliza tu nina uwezo wa kiasi gani.

"Ikifika saa nne," nikasema. "Unataka ngapi kuiponyesha?"

"Milioni tatu."

"Na hii vumbi yote? Milioni moja, baba."

"Mama Kelly, kwa moja nitakuja kuiangalia, nitakupa pole, nitarudi."

Kumbe jina langu alikuwa analijua. Nikapanda hadi moja na nusu, nikamwambia chakula hakimo. Alifuta miwani.

"Bon. Moja na nusu. Mais iko na kitu moja. Kama dawa itakuwa ndani ya noyau yenyewe, ule moyo wa mashine, ile nitaandika ni ya jina langu, na nitaituma inje, watu wote waione."

"Inje wapi?"

"Kwa wale wanachunga noyau. Wako dunia nzima."

Nilianza na chaja za simu nikizitembeza mkononi, nikaenda kwa vitenge, nikaja kwa kompyuta za mitumba kutoka Dubai. Katika miaka hiyo yote nimeombwa kila aina ya nyongeza, lakini sijaona mtu akikata bei yake nusu ili aruhusiwe kugawa kitu bure. "Tuma hata mwezini," nikamwambia, nikampa mkono haraka asije akajirudi.

Biashara yangu ni hii. Nyumbani kwangu Mutanga Nord, katika chumba kilichokuwa cha mtumishi, nina seva moja kubwa. Kwa macho ni chuma kimoja. Ndani yake, kwa programu, nimeigawa kuwa kompyuta kumi na mbili zisizo na mwili, zile zinazoitwa mashine pepe. Kila mteja anapangisha yake, anaweka kazi zake, na anaamini yuko peke yake nyumbani. Chini ya wote hao kuna kiini cha mfumo, noyau kama tunavyosema huku, kinachoamua nani atumie chuma na kwa muda gani. Mimi kiini nilikijua kama mwenye nyumba anavyojua msingi: kwamba upo.

Mpangaji wangu mkubwa alikuwa Amélie, mwenye maduka tisa ya dawa. Peke yake alichukua mashine pepe saba kati ya kumi na mbili. Tangu mwezi wa tano, kila ikifika saa nne asubuhi kaunta zake ziliganda. Amélie si mtu wa kupiga kelele. Alikuja nyumbani, akakaa, akavuta pumzi.

"Mama Kelly, jana mutu amengoja dakika sita kulipa paracétamol. Dakika sita! Homa ingeisha pekee yake."

Akanipa siku kumi na nane, mpaka Jumatatu ya tarehe mosi. Kaunta zikiendelea hivyo hata siku hiyo moja, anahamia kwa Armel, ambaye naye hukodisha mashine, ofisi yake iko pale barabara inapoanza kupanda Kiriri. Na Armel huyo huyo alikuwa ameshanipa jibu lake: prosesa zako zimejaa, tisini kwa mia, nunua seva ya pili. Kwangu. Seva ya pili ingenila biashara nzima. Amélie kuondoka, vilevile. Chumba kingerudi kuwa cha mtumishi.

Sylvère alikuja Jumatatu iliyofuata na laptop na daftari la shule. Akakaa kwenye kigoda mbele ya seva, feni zinavuma kama mvua juu ya bati, akaanza kupima. Alipima Jumatatu. Alipima Jumanne. Jumatano nikasimama mlangoni.

"Baba, mumeanza kuongea na mugonjwa, ama bado mnasalimiana?"

"Haiko imejaa, mama."

"Armel anasema tisini kwa mia."

"Tisini iko kweli. Mais haiko inafanya kazi. Imesimama."

Nilidhani ni maneno ya kununua siku. Akaona uso wangu, akafunga daftari, akaniomba tutoke hadi kwenye lango.

Langoni pangu kuna mlinzi, zamu kama tunavyowaita, jina lake Pierre. Lango la jirani liko bega kwa bega na langu, nalo lina zamu wake. Mimi na jirani tulinunua tochi moja kwa ajili ya malango yote mawili. Wazo lilikuwa langu. Inaning'inia kwenye msumari katikati ya ukuta.

"Pierre," Sylvère akamuuliza, "giza likiingia, mugeni akitoka unafanya nini?"

"Nafunga, nangoja kidogo. Wengi wanasahau kitu, wanarudi."

"Unangoja umeshika komeo?"

"Ego," akaitikia kwa kichwa.

"Na toroshi?"

"Iko kwa mukono, inawaka."

"Na mwenzako akiitaka saa ile?"

Pierre akacheka. "Ananitukana na mama yangu."

Ndipo Sylvère akanieleza, na namna alivyoeleza sijaisahau. Mashine pepe ikimaliza kakazi kadogo, kiini hakiilazi prosesa mara moja, kwa sababu kuamka kutoka usingizini kunachukua muda. Kinaiacha isimame kitambo, mkono kwenye komeo, labda mashine itabisha tena. Ni akili nzuri. Kabla ya kusimama kinaangalia hata kama kuna mwingine kwenye foleni ya lango lile lile, na akiwepo, kinamhudumia. Lakini prosesa za seva yangu zimetengenezwa mbili mbili, pacha ndani ya mwili mmoja, nguvu yao ni moja, kama tochi yangu. Pacha mmoja anasimama na tochi inawaka, akimngoja mtu asiyekuja. Pembeni yake ndugu yake, mwenye kazi ya kweli, anapapasa gizani. Na ubao wa hesabu unaandika kwamba wote wawili wako kazini.

"Anasimama muda gani?" nikauliza.

"Ukigawa sekunde moja mara elfu kumi, vipande viwili hivi."

"Kwa kitu kidogo vile ndo Amélie ananiacha?"

"Inarudia mara elfu na maelfu kila sekunde, mama. Kwa wote."

Nilibaki naangalia tochi ukutani. Seva ile ilikuwa nyumbani kwangu miaka mitatu. Nilijua bei yake mpaka ya skrubu. Sikujua kwamba ndani yake kuna kungojana.

"Basi wakataze kusimama," nikasema.

"Inawezekana, ni réglage moja tu ya kubadilisha. Tujaribu. Mais utaona."

Tukajaribu Alhamisi. Saa nne na dakika ishirini simu ikalia.

"Mumefanya nini?" Amélie alisema. "Sasa kila nikibonyeza inastuka, kama mutu uliyemutoa kwa usingizi!"

Sylvère alisikia, maana nilikuwa nimeweka sauti ya nje, akatabasamu kama aliyesifiwa. Akarudisha ilivyokuwa. Kusimama kulikuwa na faida yake. Ubaya ulikuwa kusimama bila kumwangalia ndugu. Na hilo halikuwa na kitufe. Lilitaka kiini chenyewe kiandikwe upya mahali pale.

Hapo niliogopa. Nilikuwa nadhani kiini kinatoka kwenye kiwanda fulani kimefungwa, kama injini ya ndege, ukigusa umekwisha. Sylvère akafungua laptop akanionyesha maandishi. Mistari, mistari, mistari. Alisema ni mamilioni, na yako wazi kwa yeyote mwenye macho. Yeye alianza kuyasoma miaka kumi na moja iliyopita, akiwa mwalimu wa umeme huko Uvira. Alipovuka mpaka wa Gatumba kuja huku na mkewe Lisette na watoto, vyombo vya jikoni vilibaki. Diski yenye maandishi hayo ilivuka imefungwa ndani ya kitenge cha Lisette. Lisette mwenyewe aliniambia baadaye, na alikuwa bado hajamsamehe habari ya sufuria.

Aliandika akiwa Cibitoke, kwenye kona yake, kati ya kelele moja ya randa na nyingine. Siku zilipita. Jumamosi ya mwisho akasema iko tayari, tuiweke Jumapili, wakati maduka saba ya Amélie yamefungwa. Mawili yanayobaki wazi Amélie alikubali yaandike kwa kalamu mpaka jioni.

Jumapili saa tatu asubuhi, watu wako kanisani, Sylvère aliiwasha seva upya na kiini chake. Akazitwisha mashine zote kumi na mbili mzigo wa kujaribia, uzito wa Jumatatu. Mashine pepe zikaamka moja moja. Kisha feni zikaanza kupanda. Zikapanda kupita siku zote, mpaka mlango wa chumba ukawa unatetemeka. Ubao ukaandika tisini na sita.

Nilikuwa nimeshika simu. Kidole kilikuwa kwenye jina la Armel, nimwulize seva ya pili inaweza kufika lini.

Sylvère alikaa akiangalia namba kama robo saa. Kisha akajipiga paji la uso na kuanza kucheka.

"Kesho ni siku ya Amélie, we unacheka?"

"Nacheka juu nimeliona, mama. Kosa nisiloliona ndo ningelilia." Akageuza skrini. "Kwa laptop yangu namba za prosesa ndugu zinafuatana: sifuri na moja, mbili na tatu. Kwa serveur yako ndugu ya sifuri ni kumi na sita! Nimetuma kila mutu kuomba ruhusa ya toroshi kwa mulango ya mutu asiye ndugu yake."

Alikuwa amekisia undugu kwa kufuata namba. Wakati wote huo kiini chenyewe kilikuwa na orodha yake, inayosema nani ni pacha wa nani katika kila aina ya mashine. Ilitosha kukiuliza. Mistari tisa aliyokuwa ameandika ikawa kumi na mmoja. Kugeuza maandishi kuwa kiini kinachoendesha kulichukua karibu saa nzima, na saa hiyo nilihesabu vigae vya sakafu mara nne.

Akaiwasha tena. Mashine zikaamka, mzigo ukapanda. Feni zikapanda kidogo, zikasita, zikashuka.

Kwa kweli nilidhani umeme umekatika. Chumba kilikuwa hakijawahi kunyamaza tangu siku ile chuma kilipoingia. Nilisikia kuku wa jirani. Nilisikia Pierre akikohoa langoni. Nikatazama ubao: mashine zote kumi na mbili zilikuwa hai, mzigo ule ule wa Jumatatu, na namba ilikuwa thelathini na moja.

Maisha yangu yote nimepata kwa kuongeza: ongeza mzigo, ongeza safari, ongeza wateja. Huyu hakuongeza kitu. Chuma kile kile, umeme ule ule. Aliondoa kungoja kulikokuwa kufupi kuliko kupepesa jicho, na chumba kizima kikatulia.

Jumatatu saa nne nilikuwa kwenye duka la Amélie la Mutanga Nord, nimejipanga foleni kama mnunuzi. Mbele yangu mama mmoja alileta ordonnance ya daktari, dawa nne. Amélie akabonyeza. Risiti ikatoka kabla hajainua mkono. Akabonyeza ya mwingine. Ikatoka. Saa tano ikafika, watu wanaingia na kutoka, hakuna aliyengoja. Akaniona.

"Umenunua ingine."

"Apana. Ni ile ile."

"Usinidanganye, Mama Kelly."

"Kuja uione."

Alikuja jioni ile. Aliingia chumbani, akasikiliza, akaweka kiganja juu ya chuma kama anayepima homa ya mtoto. "Ni baridi," akasema, kwa sauti ya chini. Kesho yake tukasaini miaka miwili. Nilimharakisha kidogo, kabla Armel hajampigia simu.

Jumatano ndiyo siku ambayo Sylvère alisema atatuma. Na ni Jumanne tu, nikiwa na karatasi ya Amélie mkononi, nilipoelewa nilichouza kule Cibitoke kwa milioni moja na nusu ya punguzo. Armel anatumia kiini kile kile. Wote wanatumia kiini kile kile. Dawa niliyokuwa nayo peke yangu Bujumbura nzima ingekuwa ya kila mtu.

Nikafika karakana na milioni nne.

"Sikuambii usitume," nikamwambia. "Ungoje tu miezi sita."

Randa ikawashwa. Akainua kidole. Tukangoja. Randa ikazimwa.

"Mama, tulipeana mukono."

"Mukono unaweza kurudiwa."

"Wa kwako, labda."

Shemeji yake nyuma ya mbao aliangua kicheko mpaka akaketi. Sylvère hakucheka. Aliziangalia zile noti, na najua aliziangalia vizuri, maana watoto wake walikuwa wanalala watatu kwenye kitanda kimoja ndani ya nyumba ya seremala wa vitanda.

"Ule aliyeandika ile akili ya kusimama kwa mulango," akasema, "mi simujui, na yeye hanijui. Aliacha wazi, nikasoma bure miaka kumi na moja. Kama angefunga, leo Amélie angekuwa wa Armel."

Nimewashinda Wachina kwa maneno Guangzhou. Yeye sikumshinda, nikarudisha noti mkobani.

Akatuma. Wale wanaochunga kiini wana desturi yao: huwezi kutuma kwa jina la kupanga. Chini ya kazi unaandika jina lako kamili na anwani, mstari mmoja wa kushuhudia kwamba una haki ya kuitoa. Aliandika Sylvère Kashindi, akalisoma mara mbili kama anayesaini cheti cha ndoa.

Mimi nilidhani watamshukuru. Siku ya tatu aliniita nione majibu, akanitafsiria. Mmoja alisema mistari iko mahali pabaya. Mwingine alitaka vipimo vya aina nyingine za mashine. Wa tatu alisema jambo lenyewe halina haja.

"Wanakutukana!" nikasema.

"Wanasoma, mama!" Macho yalikuwa yanang'aa nyuma ya ule uzi wa miwani. "Wamesoma yote, mustari kwa mustari!"

Aliiandika upya mara tano. Wiki saba alibishana na watu ambao hajawahi kuwaona, wengine wakiamka yeye akienda kulala, na kila walipompinga kwa haki alibadilisha, na kila walipompinga bila haki alileta namba zake za daftari la shule. Mimi najua kubishana. Ule ulikuwa ubishi wa namna nyingine. Hakuna aliyekuwa anatafuta kumpunguzia mwenzake. Mwishowe yule wa tatu ndiye aliyeandika kwamba sasa inafaa.

Miezi saba baada ya ile Jumapili, seva yangu ilipokea kiini kipya kama inavyopokea siku zote, kutoka mbali, kupitia mtandao. Wiki ile ile Armel akanipigia.

"Mama Kelly, sielewi. Mashine zangu zimepona zenyewe. Nilikuwa natafuta kununua ingine."

"Mushukuru Mungu," nikamwambia.

Alipunguza bei. Shule moja na agence moja ya usafiri wakaniacha, wakaenda kwake. Amélie yuko bado, amefungwa na sahihi yake mpaka mwaka ujao, na anasema hana sababu ya kuhama. Seva ya pili sikununua. Tochi ya pili nilinunua, Pierre hatukanwi tena.

Sylvère hakupata ofisi. Yuko kwenye kona yake, shemeji amemtengenezea meza yenye droo, na kuna watu wa nchi za mbali wanaomwandikia aangalie mistari yao kabla haijaingia. Hawamlipi. Milioni nne zangu alizikosa, na Lisette anazitaja kila akinunua sufuria.

Mimi nilimwomba Pascaline, mpwa wangu anayesoma informatique, anifungulie orodha ya mabadiliko ya kile kiini kipya. Majina yalishuka, maelfu, ya herufi nisizozijua. Akatafuta. Likasimama katikati ya skrini: Sylvère Kashindi. Mimi nimefika Dubai mara kumi na moja, na huko hakuna anayejua jina langu isipokuwa mwenye ghala. Yeye safari yake ndefu ni kutoka Uvira mpaka hapa. Na saa hii, katika mashine ambazo hata Armel hawezi kuzihesabu, za hospitali na benki za nchi sijui ngapi, kila prosesa kabla haijasimama na tochi yake inamwangalia kwanza ndugu yake, kwa sababu mtu mmoja wa Cibitoke aliandika hivyo.

Juzi diski zangu zilianza kusuasua. Nikaenda karakana. Akasema milioni mbili, na sharti ni lile lile. Nilibishana juu ya bei mpaka randa ikawashwa mara tatu. Akashuka laki mbili. Sharti sikuligusa.